Hojaji za mtandaoni, mahojiano ya kina au kazi ya nyanjani? Ulinganisho kwa wahudumu wa afya wa Lamu na Malindi

Nesi wa Mpeketoni, tabibu wa Gongoni na mfamasia wa Malindi mjini wana ujuzi ambao watafiti wako tayari kuulipia. Wanajua dawa gani huisha kabla ya mwezi kwisha, mgonjwa gani wa kisukari harudi kliniki na kwa sababu gani, na kipimo gani hukaa kabatini hadi muda wake ukapita. Ujuzi huo hulipwa kwa njia tatu kuu, na anayetaka kuanza hukwama hapo hapo: ashike ipi?

Ya kwanza ni hojaji za mtandaoni. Unajiandikisha kwenye jopo, yaani orodha ya wahudumu wa afya wanaoalikwa na kampuni ya utafiti, unaletewa kiungo kwa barua pepe, unajibu maswali ya dakika 10 hadi 30 kwenye simu au kompyuta. Ya pili ni mahojiano ya kina: mnaongea na mhoji kwa simu au video, dakika 30 hadi 60, juu ya ugonjwa mmoja au dawa moja. Ya tatu ni kazi ya nyanjani. Hapo wewe ndiye muulizaji. Unapita nyumba kwa nyumba au kituo kwa kituo na tableti mkononi, kwa mkataba wa siku au wiki kadhaa.

Zamu za lokamu, yaani zamu za kibarua kwenye kituo kingine, hatuzilinganishi hapa, ila zitakuwa pishi yetu ya kupimia. Karibu kila mhudumu anajua zamu moja katika hospitali ya binafsi ya mji wake hulipa kiasi gani, basi kipimo anacho tayari.

Vigezo tulivyotumia

Swali linaloulizwa kwanza ni "wanalipa ngapi?", na likiulizwa peke yake hupotosha. Kila njia ina saa ambazo hazilipwi: saa za kuchujwa, za kungoja boti, za kufuatilia malipo. Kwa hiyo kigezo kikubwa kwetu ni viwili kwa pamoja: saa moja inakuachia nini baada ya kuhesabu saa zisizolipwa, na jumla inafika ngapi kwa miezi mitatu. Njia moja inaweza kushinda kwenye saa ikashindwa vibaya kwenye jumla.

Vingine ni hivi: nani hasa anakubaliwa, pesa inafikaje mkononi, mtandao, bahari na barabara vinaruhusu nini, na leseni yako, mwajiri wako na siri ya mgonjwa vinabaki salama kiasi gani.

Nani anakubaliwa

Jopo la hojaji huanza na leseni. Utaulizwa jina kama lilivyo kwenye cheti, taaluma, namba ya usajili, mwaka uliofuzu, aina ya kituo na idadi ya wagonjwa unaowaona kwa mwezi. Namba hukaguliwa kwenye orodha ya baraza lako, liwe la madaktari, la wauguzi au la matabibu. Kati ya majopo ya kimataifa, Sermo limejengwa hasa kwa madaktari. M3 Global Research hupokea pia wauguzi, wafamasia na kada nyingine. Leseni iliyopita muda wake hukuzuia mlangoni, hata kama malipo ya kuihuisha umeshatuma na unangoja tu mfumo usome.

Kuingia kwenye jopo ni hatua ya kwanza tu. Kila hojaji ina maswali yake ya mchujo, na hapo ndipo wengi huangukia bila kujua sababu. Maswali yenyewe hayabadiliki sana. Una miaka mingapi tangu kufuzu? Kwa kawaida hutakiwa uwe umevuka miaka miwili au mitatu na hujakaribia kustaafu. Sehemu gani ya muda wako unahudumia wagonjwa uso kwa uso? Aliyepandishwa cheo akawa msimamizi wa ofisini hutolewa hapa. Wewe au mtu wa nyumbani mwako anafanya kazi kwenye kampuni ya dawa, wakala wa matangazo, kampuni ya utafiti au mamlaka ya kudhibiti dawa? Ukijibu ndiyo, umetoka. Umeshiriki utafiti wa ugonjwa huu miezi ya karibuni? Ukijibu ndiyo, aghalabu umetoka pia. Halafu linakuja swali la idadi ya wagonjwa wa ugonjwa husika.

Swali hilo la mwisho ndilo linalowaponza watu. Mfumo hulinganisha jibu la leo na wasifu uliojaza siku ya kujiandikisha. Ukiandika wagonjwa 200 wa shinikizo la damu kwenye wasifu, leo ukasema 60, unatolewa kwa kutofautiana, na jopo linaweka alama kwenye jina lako. Kabla ya kujiandikisha fungua rejista ya kituo, hesabu miezi mitatu iliyopita, gawa kwa tatu, andika mahali. Namba hiyo ndiyo utakayoitumia kila mara. Usiitie chumvi ili upite mchujo, maana mbele utaulizwa kwa maneno yako mwenyewe unavyobadilisha dozi ya dawa ambayo kituo chako hakijawahi kuipokea, na jibu tupu huonekana.

Ukweli mwingine usemwe wazi. Wafadhili wakubwa wa hojaji hizi ni makampuni ya dawa na vifaa ya Marekani, Ulaya na Japani, na wanaowatafuta zaidi ni madaktari bingwa. Mialiko ya Kenya huja, hasa kuhusu VVU, kifua kikuu, malaria, chanjo, uzazi wa mpango, kisukari na vipimo vya haraka, ila ni michache. Nesi wa zahanati asitarajie kiungo kipya kila siku.

Mahojiano ya kina huchagua watu wachache zaidi, na kigezo chake ni maamuzi kuliko cheo. Mhoji anataka kusikia kutoka kwa anayeamua. Ndiyo maana muuguzi msimamizi anayejaza oda ya KEMSA, wakala wa serikali wa kusambaza dawa, na kuamua kipi kipunguzwe pesa zikipungua anaweza kutafutwa kuliko daktari anayeandika tu kilichopo. Ukiwa na nafasi ya namna hiyo, itaje kwenye wasifu wako kwa maneno kamili: "ninaagiza dawa na vifaa vya kituo". Wengi huiacha, wakidhani cheo kinatosha.

Nyanjani milango ni mipana. Hapa lugha na ujuzi wa mahali huhesabiwa kuliko shahada: Kigiriama kwa Magarini, Kibajuni kwa Faza na Kizingitini, Kiorma na Kisomali kwa bara ya Lamu. Aliyemaliza chuo na bado anasubiri leseni hukubaliwa, jambo ambalo majopo ya mtandaoni hayafanyi. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, vyeti, na mara nyingi cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Anayeishi Malindi ana bahati ya jirani: kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kiko Kilifi tangu 1989, kiasi cha kilomita 60 tu, na katika miaka hiyo utafiti wa afya umekuwa kazi inayojulikana ukanda huu. Wa Lamu hutegemea zaidi miradi inayokuja na kuondoka.

Saa halisi na jumla ya miezi mitatu

Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka zako mahali pake.

Hojaji ya dakika 20 imeandikwa dola 15. Kwa kiwango cha shilingi 129 ni shilingi 1,935. Makato ya kubadilisha fedha yakiwa asilimia 4, unabaki na takriban 1,858. Ukiangalia dakika 20 pekee, unaona saa moja inalipa zaidi ya shilingi 5,000. Sasa ongeza hojaji nne ulizochujwa kabla ya kuipata hii, dakika 6 kila moja: 24. Ongeza dakika 16 za kufungua barua pepe, kujaza wasifu upya na kuandikia huduma kwa wateja. Zimefika dakika 60. Saa yako halisi ni 1,858. Bado si mbaya. Lakini zikija hojaji mbili kwa mwezi, miezi mitatu inakupa kama shilingi 11,150, basi.

Mahojiano ya saa moja yaliyoandikwa dola 60 yanakuachia kama 7,430 baada ya makato yale yale. Mchujo hufanywa kwa simu, mara nyingine simu mbili, tuseme dakika 20. Jaribio la sauti na video dakika 15, kusaini fomu ya ridhaa na ya malipo dakika 10. Jumla saa moja na dakika 45. Saa halisi inakaribia 4,250, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoifikia. Ila huenda ukaitwa mara moja tu ndani ya miezi mitatu, huenda usiitwe kabisa.

Kazi ya nyanjani ya shilingi 2,500 kwa siku, ukitoa 600 za bodaboda na chakula pasipo na posho ya safari, inakuachia 1,900. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu baada ya kuhoji kuna kutuma data na kikao cha timu. Saa halisi ni kama 158. Inaonekana duni mno. Lakini mkataba wa siku 15 unakupa 28,500 mfululizo, zaidi ya mara mbili ya hojaji za miezi mitatu. Kwa mwenye ada ya shule ya kulipa, huo ndio ukweli unaohesabika.

Sasa chukua pishi ya lokamu. Zamu ya saa 12 inayolipa 3,000 ni 250 kwa saa. Hojaji na mahojiano yanaishinda kwa saa, lakini hayawezi kuishika kwa jumla. Nyanjani iko chini yake kwa saa, ila haina usiku wala dharura za wagonjwa.

Nyanjani kuna maswali manne ya kuuliza kabla hujasaini, kwa sababu ugomvi mwingi huanzia hapo. Siku za mafunzo, ambazo huwa tatu hadi tano, zinalipwa? Malipo ni ya siku au ya kila hojaji iliyokamilika? Hojaji iliyokataliwa na mkaguzi inarudiwa kwa gharama ya nani? Bima na nauli ni za nani? Malipo ya kila hojaji humuumiza anayepangiwa vijiji vya mbali: wa mjini anamaliza nane, wa kisiwa cha Ndau anamaliza tatu, jasho ni lile lile.

Pesa inavyofika mkononi

Hapa nyanjani ndiyo nyepesi: M-PESA, kwa kawaida mwisho wa wiki au mwisho wa mkataba. Kampuni ya Kenya ikikulipa ada ya kitaaluma inayofikia shilingi 24,000 kwa mwezi hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai cheti chake kwenye iTax, maana kodi hiyo huhesabiwa upande wako unapowasilisha ritani kabla ya 30 Juni. Na mapato ya hojaji na mahojiano kutoka nje ya nchi nayo ni mapato. Yaandikwe kwenye ritani hiyo hiyo.

Kwa hojaji, uliza njia ya malipo kabla ya kujibu swali la kwanza. Majopo mengi hutoa kadi za zawadi za maduka ya nje, na kadi ya namna hiyo haikusaidii Langoni mjini Lamu wala soko la Malindi. Tafuta jopo linalolipa kwa PayPal au kwa benki. Akaunti ya PayPal huunganishwa na namba ya M-PESA na pesa hutolewa kwa simu, kwa kiwango cha kubadilishia ambacho huwa chini kidogo ya kile cha sokoni. Kutoa mara nyingi kidogo kidogo hakuna faida, ngoja zikusanyike.

Kinachokwamisha malipo mara nyingi ni jina, na pwani tatizo hili ni kubwa kuliko mahali pengi. Leseni imeandikwa Mohamed, kitambulisho Mohammed, M-PESA Muhamad. Au cheti kina majina matatu ya mtu, baba na babu, na PayPal ina mawili. Mashine haijui kuwa ni mtu mmoja. Kabla ya kufungua chochote, panga kitambulisho, leseni na laini ya simu mezani, linganisha herufi kwa herufi, na palipo tofauti rekebisha kwanza kwa wakala wa simu au kwa baraza lako. Ukishalimbikiza dola 40 ndipo ukagundua, utahangaika kwa wiki.

Muda wa kungoja nao utofautishe. Hojaji hulipwa baada ya data yote ya utafiti kukaguliwa, yaani wiki mbili hadi nane baada ya kujibu. Mahojiano huwa na haraka kidogo. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya utafiti. Bila namba hiyo huduma kwa wateja haina pa kuanzia.

Na hili lishikwe kwa mikono miwili: jopo la kweli halikutozi hata shilingi. Anayekuomba 1,500 "ya kufungua akaunti", PIN ya M-PESA, namba ya siri iliyotumwa kwa simu yako, au picha ya faili la mgonjwa "kama ushahidi kwamba wewe ni nesi", ni mwizi. Mtafiti anahitaji namba ya leseni, na namba hiyo mara nyingi tayari inaonekana hadharani kwenye orodha ya baraza. Kwa sababu hiyo hiyo, ukijaribu kujiandikisha ukaambiwa akaunti ya leseni yako ipo, usinyamaze. Waandikie jopo mara moja, kwani kuna mtu anajibu kwa jina lako.

Mtandao, bahari na barabara

Hojaji haili bando nyingi, ila haipendi kukatika. Ukurasa ukifa katikati, kiungo kingine kinakurudisha ulipoishia, kingine kinakuhesabu umetoka. Usibonyeze alama ya kurudi nyuma. Fungua tena kiungo kile kile kwenye barua pepe. VPN, programu inayoficha ulipo, izime kabisa, kwa kuwa mfumo ukiona uko Uholanzi na leseni ni ya Kenya, unakufunga. Wi-Fi ya hospitali nayo ina mtego wake: manesi wawili wa wodi moja wakijibu utafiti mmoja kupitia mtandao mmoja, mfumo huona anwani moja na kudhani ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Kila mmoja atumie bando yake.

Nafasi zina idadi, na zikijaa zimejaa. Mialiko mingi hutumwa Ulaya na Marekani wanapofungua ofisi. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu, au saa kumi jioni wakati wenzetu wamesogeza saa zao za kiangazi. Angalia barua pepe jioni kabla ya magharibi. Anayezisoma kesho yake asubuhi hukuta mlango umefungwa.

Usijibu mbio. Mfumo hupima sekunde, na hojaji ya dakika 20 iliyomalizwa kwa 6 haitalipwa. Vivyo hivyo ukichagua jibu la katikati mstari baada ya mstari, au ukikosa swali la mtego linalosema "hapa chagua namba nne".

Mahojiano ya video yanahitaji zaidi: saa moja huweza kula zaidi ya GB 1. Uliza kama simu ya kawaida inakubalika, mara nyingi inakubalika. Andaa chumba kimya. Mtaa wa Mkomani una punda na muadhini, na mhoji akishindwa kukusikia atakatisha. Muhimu kuliko yote, andika saa kwa mpangilio wetu na wao. "10:00" ya London si saa kumi. Ni saa saba mchana wakati wa baridi yao, saa sita mchana wakati wa kiangazi. Ukikosa miadi mara moja bila taarifa, wengi hawakuiti tena.

Nyanjani mwenye neno ni bahari na mvua. Boti za Faza na Kizingitini hungoja maji yajae ndipo zipite mkondo wa Mkanda, kwa hiyo ratiba iliyopangwa Nairobi kwa saa za ofisi haifai. Msimamizi asiyeuliza maji yanajaa lini atapoteza nusu siku. Kusi likikaza, hasa Juni hadi Agosti, safari za visiwani hupungua. Upande wa Malindi, njia za Baricho na Garashi ni tope wakati wa masika. Chukua betri ya akiba, hifadhi hojaji kwenye tableti bila mtandao, na zitume kila jioni palipo na mawimbi ya simu. Tableti iliyoanguka majini na data ya siku tatu imekwenda na siku tatu zako.

Leseni, mwajiri na siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kila mtu anajua asitaje jina. Wachache wanakumbuka kwamba Lamu ni mji mdogo: "mwanamume wa miaka 50, ana duka Langoni, amekatwa mguu kwa kisukari" ni jina tosha. Kwenye mahojiano hatari hii ni kubwa kuliko kwenye hojaji, kwa sababu mazungumzo hunoga na ulimi hukimbia. Sema "mgonjwa wa makamo", acha mtaa, acha kazi yake. Kumbuka pia kwamba mahojiano hurekodiwa na huenda wafadhili wanasikiliza. Una haki ya kuuliza ni nani wanaosikia.

Kuna aina ya hojaji inayolipa zaidi, ile ya kujaza taarifa kutoka faili tano au kumi za wagonjwa. Usiiguse bila idhini ya maandishi ya kituo. Faili si mali yako, na kutoandika majina hakukupi ruhusa ya kulifungua kwa ajili ya biashara.

Utaulizwa pia kama unakubali jina lako litolewe endapo utataja madhara ya dawa. Wengi hushtuka. Ni utaratibu wa kawaida: watafiti wa kampuni za dawa wanawajibika kuripoti kila madhara wanayoyasikia, na wanataka kujua kama wanaweza kukurudia. Ukikataa, mara nyingi bado unaendelea. Lakini kama madhara hayo hujayaripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, yaripoti, uwe unalipwa au hulipwi.

Utafiti unauliza unachofanya. Ukiambiwa utalipwa ukiandika dawa fulani, au kila swali linasifu chapa moja na mwisho unaombwa namba ya mwakilishi wake wa mauzo, hiyo ni hongo iliyovalishwa hojaji, na baraza lako ndivyo litakavyoisoma.

Mwajiriwa wa kaunti aangalie jambo jingine. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inawahusu maafisa wa umma, na kazi ya pembeni ni miongoni mwa mambo inayoyagusa. Hojaji ya dakika 20 unayojibu nyumbani haina uzito sawa na wiki mbili nyanjani, ila barua fupi kwa msimamizi wako inakulinda kwa zote. Nyanjani chukua likizo rasmi. Kubadilishana zamu kimya kimya kwa siku 15 hugundulika, na mgonjwa ndiye anayeumia kwanza. Mradi wenyewe uwe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, kibali cha kamati ya maadili na barua ya idara ya afya ya kaunti. Omba kuviona. Lamu, kwa baadhi ya maeneo ya bara, idhini ya usalama ni ya lazima pia.

Ipi kwa hali gani

Muuguzi au tabibu wa zamu za usiku, mwenye leseni hai na simu nzuri, aanze na hojaji: majopo mawili yanatosha, wasifu ujazwe vizuri, barua pepe ya peke yake. Achukulie fedha hizo kama za bando na nauli. Akizipangia kodi ya nyumba atakwama.

Daktari bingwa, mfamasia, au msimamizi anayeagiza dawa za kituo atumie nguvu zake kwenye mahojiano. Hojaji fupi zinamlia muda. Ajisajili, aandike wazi anachoamua, kisha angoje.

Aliyefuzu na anasubiri leseni au ajira, hasa anayeongea Kigiriama au Kibajuni, kazi ya nyanjani inampa pesa ya maana na jina kwa wasimamizi wa timu. Akimaliza mradi mmoja bila hojaji kukataliwa, kwa kawaida ndiye anayepigiwa simu mradi wa pili ukija.

Mama mwenye mtoto mchanga, au anayeishi Pate ambako kila safari ni boti, nyanjani haimfai mwaka huu isipokuwa mradi uwe kijijini kwake. Hojaji na mahojiano ya simu yanamfuata alipo.

Mwenye deni la tarehe maalumu, tuseme ada ya Januari, asitegemee hojaji wala mahojiano, kwa kuwa hata zikija malipo yanaweza kuvuka tarehe. Atafute nyanjani yenye siku ya malipo iliyoandikwa, au arudi kwenye lokamu. Desemba wageni wakijaa Malindi na Watamu, kliniki za binafsi huhitaji mikono.

Anayeweza kuchanganya afuate majira. Lamu, miezi ya kusi kali ni ya simu na kompyuta. Kaskazi likitulia, pokea kazi ya visiwani.

Njia yoyote utakayoshika, daftari liwe na safu tano kwa majuma 12: tarehe, dakika ulizotumia pamoja na za kuchujwa, kiasi ulichoahidiwa, kiasi kilichofika, siku kilipofika. Majuma hayo yakiisha gawa pesa kwa saa, linganisha na zamu yako ya lokamu. Jopo ambalo halijakuletea kitu, omba wakufungie akaunti na wafute taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Data inakupa haki hiyo, na ombi la barua pepe mistari miwili linatosha.